Video ya Muziki ya Wanafunzi Hapa Lamu: Namna ya Kushika Kaida na Namna ya Kuivunja

Karibu kila kundi la wanafunzi ninalokaa nalo kupanga video ya muziki huanza na gari. Mwimbaji ameegemea boneti, kavaa miwani ya jua, marafiki wamejipanga nyuma. Vichochoro vya mji wetu vinapitisha watu na punda, basi mpango unakuwa ni kuvuka hadi Mokowe, upande wa bara, kumtafuta mtu atakayewaazima gari kwa nusu saa. Najua linatoka wapi. Video za Bongo Fleva na za rapu walizokua wakizitazama zina gari, na wao wanataka yao ionekane video kweli. Hamu hiyo ni njema. Shida inakuja baadaye, kwenye karatasi ya tathmini, mwalimu anapouliza: video yenu imefuata vipi kaida, yaani mambo yaliyozoeleka, za aina ya muziki wenu, na imezipinga wapi? Walioweka gari huandika, "Tumefuata kwa kuweka gari." Waliolikosa wakaweka mashua huandika, "Tumepinga kwa kuweka mashua." Majibu yote mawili hayajafika, na la pili limekosea kabisa.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa sekondari au chuo mwenye wimbo, simu inayoshuti vizuri, stendi, spika ndogo na wenzake wachache. Mifano yangu ni ya Lamu, lakini aliye Malindi au Mombasa ataibadilisha bila taabu.

Hatua ya 1: Tazama bila sauti

Ukishachagua wimbo, tafuta video sita hadi nane za aina hiyohiyo ya muziki. Zitazame mara ya kwanza ukiwa umezima sauti. Sauti ikiwepo utabebwa na wimbo na hutaona kitu. Chukua daftari, uandike kwa kila video: mwimbaji amesimama wapi, anatazama kamera au hatazami, kamera iko juu au chini yake, nani mwingine yuko kwenye picha na kazi yake nini, mavazi, mahali, mwanga. Kisha chagua sekunde 30 za katikati uhesabu picha imekatwa mara ngapi. Hesabu hiyo ndogo inafundisha kuliko maelezo mengi.

Utaanza kuona mambo yanayojirudia. Katika taarab ya asili wapigaji wamekaa, mwimbaji ametulia, mwili hauchezi sana kwa sababu kazi iko kwenye maneno. Kamera inakaa mbele yake na haina haraka, na mara kwa mara inashuka kwenye vidole vya mpiga udi au fidla. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, alijulikana kwa udi wake kiasi kwamba jicho la mtazamaji lilitaka kuona mkono kabla ya uso. Hadhira nayo ni sehemu ya picha, maana wanawake huinuka kwenda kumtunza mwimbaji kwa pesa. Katika gengetone, rapu ya vijana wa Nairobi, mambo ni kinyume: kundi zima linaisonga kamera, lenzi pana, kamera iko chini, mtaa uko nyuma, mkato ni wa haraka. Bongo Fleva ya mapenzi ina watu wawili, ufuo au nyumba nzuri, na safu ya wachezaji wenye hatua zinazofanana. Kaswida ina kanzu, duffu, watu wamejipanga, uso mtulivu.

Usiandike yale unayoyajua tayari. Andika uliyoyaona kwenye video zile ulizokaa nazo.

Hatua ya 2: Uliza kila kaida inafanya kazi gani

Hii ndiyo hatua ninayoomba muipe muda mrefu kuliko zote, hata kama mna jioni moja tu ya kupanga.

Chukua lile gari. Kwenye video linafanya angalau kazi tatu. Linasema mwimbaji amefanikiwa. Linampa mahali pa kusimama au kukaa ambapo picha nzima inamwelekea yeye. Na linatembea, kwa hiyo picha inapata mwendo hata kama mwimbaji hafanyi kitu. Ukishazijua kazi hizo, tafuta hapa Lamu ni nini kinaweza kuzifanya. Boti ya injini yenye kasi kwenye mkondo kati ya mji na kisiwa cha Manda inazifanya zote tatu: ina hadhi, ina mahali pa kukaa mbele, ina mwendo. Mwimbaji akiketi mbele ya boti hiyo kwa miwani yake, mtazamaji wa Bongo Fleva ataielewa picha bila kuelezwa.

Sasa sikilizeni vizuri. Mkifanya hivyo mmeifuata kaida. Mmebadilisha chombo, kazi imebaki ileile. Ni jambo la kusifiwa, kwa sababu mmeisema kaida kwa lugha ya mahali penu, lakini hamjapinga chochote. Kupinga kungekuwa kuikataa ile kazi yenyewe. Mfano, wimbo ni uleule wa majigambo, mdundo uleule, miwani ileile, lakini mwimbaji yuko gatini anabeba magunia kutoka kwenye jahazi, na anaimba ubeti wa mafanikio huku mzigo uko begani. Hapo mtazamaji anajiuliza: mafanikio gani anayoyasema huyu? Swali hilo ndilo dalili ya kwamba kaida imepingwa.

Punda nao wanahitaji uangalifu. Wanafunzi wengi huona punda ndiye "gari letu" wakampandisha mwimbaji. Inawezekana, lakini kwa mtazamaji wa nje picha hiyo huteleza ikawa kichekesho. Kama wimbo wenu hautaki kicheko, mwacheni punda apite nyuma kama anavyopita siku zote.

Fanya hivi kwa kila kaida uliyoiandika. Safu ya wachezaji inafanya kazi gani? Inaonyesha mdundo kwa macho, na inaonyesha kwamba mwimbaji ana watu. Goma la Lamu, wanaume wakiwa kwenye mstari na fimbo mikononi, linaifanya kazi hiyo. Msichana mrembo anayezungukwa na kamera anafanya kazi gani? Hapo jibu halipendezi: mara nyingi yupo atazamwe tu. Kuna kundi litasema, sisi tumepinga kwa sababu wasichana wetu wamevaa buibui. Vazi limebadilika, lakini kama kamera bado inamzunguka ikipanda kutoka miguuni hadi usoni naye hana la kufanya, kaida iko palepale. Mkitaka kuipinga, mpeni yeye macho. Kamera ione anachokiona, na mwimbaji wa kiume awe ndiye anayetazamwa kupitia dirisha lake la juu, bila kujua.

Hatua ya 3: Weka maneno na picha pamoja

Mtafiti Andrew Goodwin, aliyeandika kuhusu video za muziki mwaka 1992, alitenga njia tatu ambazo picha inaweza kuhusiana na maneno: kuyaonyesha, kuyakuza, au kutoafikiana nayo. Ni mgawanyo rahisi na unasaidia sana mezani. Tuujaribu kwa beti hizi nilizozitunga kwa ajili ya zoezi tu, kwa mtindo wa taarab, mizani nane kila upande:

*Jahazi latia nanga, na nahodha hajashuka,*
*Mchana kutwa natanga, gatini nikimsaka.*

Kuonyesha: jahazi linaingia, nanga inatupwa, msichana anatembea gatini akichungulia nyuso. Salama, na mtazamaji wa kaida ataridhika. Hatari yake ni kwamba picha haiongezi kitu, kila neno linasemwa mara mbili.

Kukuza: hatuoni jahazi kabisa. Tunamwona msichana darini, juu ya nyumba, anaanika leso, na kamera inasogea hadi kwenye jina la leso, yale maneno yaliyoandikwa juu yake: *Subira huvuta heri*. Taarab huishi kwa mafumbo na leso huishi kwa jina lake, kwa hiyo fumbo la wimbo limepata fumbo la kitambaa. Ukanda wetu umejaa vitu vya namna hii, na nashangaa ni wanafunzi wachache wanaovitumia. Shoti hiyo iwe thabiti, angalau sekunde nne, mtu apate kusoma.

Kutoafikiana: wimbo unalia "natanga", na msichana hatangi. Yuko kwenye cherehani anashona, anapokea pesa kwa wateja, hatazami baharini hata mara moja. Nyuma yake, kupitia mlango ulio wazi, kuna mwanamume anapita, anarudi, anapita tena. Nani anamsaka nani? Maneno hayakubadilika hata silabi moja, na kaida ya mwanamke anayengoja akilia imepinduliwa.

Andika kila ubeti kwenye ukurasa wake na uchague njia moja kati ya hizo tatu. Usitumie kutoafikiana toka mwanzo hadi mwisho. Mtazamaji atadhani picha za wimbo mwingine zimeingia kwa bahati mbaya.

Hatua ya 4: Shika nyingi, vunja moja

Kaida isiyotambulika haiwezi kuvunjwa. Kama mtazamaji hajajua kwamba hii ni taarab, hataona kwamba umemtoa mwimbaji kitini. Kwa hiyo sekunde 20 hadi 30 za mwanzo zishikeni kaida kwa uaminifu: kikundi kimekaa, udi uko mkononi, taa za njano, mwimbaji ametulia. Halafu vunjeni jambo moja. Mkibadilisha mavazi, mahali, mkato na hadithi kwa pamoja, mtakuwa mmetengeneza video ya aina nyingine ya muziki.

Jambo la kuvunja litoke ndani ya wimbo. Kundi likiniambia "tunataka kuwa tofauti", huwauliza ni mstari gani wa wimbo unaoidai tofauti hiyo. Wakiupata, kazi inaendelea. Wakiukosa, tunarudi kwenye hatua ya tatu.

Wimbo ukichanganya aina mbili, tuseme taarab yenye ubeti wa rapu, mna bahati, kwa sababu kaida mbili zitagombana zenyewe. Jaribuni kubadilishana: rapa akae kitini kwa utulivu wa taarab, na wazee wa udi wapigwe picha kwa kamera ya chini na mkato wa haraka.

Hatua ya 5: Ruhusa na adabu

Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na watu wake wamechoka kupigwa picha bila kuulizwa. Nyumba ya mtu iendeeni siku moja kabla, pamoja na mwalimu au mzazi anayefahamika mtaani.

"Shikamoo bibi."
"Marahaba wanangu."
"Sisi ni wanafunzi, tuna kazi ya shule ya kupiga video. Tunaomba ukumbi wako kesho asubuhi, saa mbili hadi saa nne. Hatutampiga picha mtu wa nyumbani, na tutakuletea uione kabla haijatoka."

Ahadi ya mwisho itimizeni. Ndiyo itakayowafungulia mlango wanafunzi wa mwaka ujao.

Ngome ya Lamu, makumbusho na magofu ya Takwa yako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ombeni kwa barua. Msikiti usiwe mandhari ya wimbo wa mapenzi, na adhana ikiadhiniwa zimeni spika. Sherehe za wanawake za harusini, ngoma za chakacha zikiwemo, hazipigwi picha za kuwekwa mtandaoni. Mkitaka chakacha, ipangeni wenyewe kwa ridhaa ya kila anayecheza. Mwenye umri chini ya miaka 18 apate kibali cha mzazi kwa maandishi, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamhusu. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, na kumbukeni kwamba uwanja wa ndege wa Manda uko ng'ambo tu ya mji. Video ikikusudiwa kuonyeshwa hadharani, mwalimu aulize mapema ofisi ya KFCB, bodi ya kuainisha filamu nchini, kuhusu leseni. Na wimbo uwe wenu, au mwenye wimbo na mwenye biti wawe wamekubali kwa maandishi.

Hatua ya 6: Siku ya kushuti

Pwani ya mji wetu inatazama mashariki, upande wa Manda. Asubuhi jua linapiga nyumba za mbele na kuta zinang'aa. Jioni jua linazama nyuma ya mji, na sehemu ya mbele yote ni kivuli. Wengi hupanga shoti ya machweo baharini pale gatini, wakafika wakakuta bahari imekwisha kupoa rangi. Machweo yatafuteni darini. Vichochoroni mwanga wa moja kwa moja unaingia kwa muda mfupi karibu na saa sita mchana, kisha kuta nyeupe zinaurudisha laini. Saa tatu asubuhi kichochoro cheupe kinampa mwimbaji mwanga mzuri wa uso bila taa yoyote. Usita wa Mui, njia kuu ya mji, ukitaka uwe mtupu, uende alfajiri.

Maji ni jambo lingine. Mkishuti nusu ya ubeti maji yamejaa na nusu nyingine maji yamepwa, mashua itakuwa inaelea kwenye shoti moja na imelala tope kwenye inayofuata. Kurudi kesho saa ileile hakutoshi, kwa sababu kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Muulizeni nahodha yeyote, atawaambia bamvua, yale maji makubwa, ni lini na maji yatajaa saa ngapi. Na wakati wa kusi upepo ni mkali: mchanga wa ufuo wa Shela huingia kwenye lenzi, na mtandio hufunika uso wakati wa klozapu.

Wimbo upigwe kwa spika, mwimbaji aimbe kwa sauti kabisa. Akichezesha mdomo tu, misuli ya shingo haifanyi kazi na mtazamaji anajua. Wimbo wote ushutiwe mara mbili au tatu kwa kila mahali, shoti pana kwanza, halafu ya kifua, halafu uso. Simu iwekeni kwenye fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, na kwa mpangilio huo taa nyingi za ndani hazitapepesa. Kama simu yenu ina fremu 30 tu, iacheni hapo, lakini shata ibaki 1/50.

Mkitaka mwimbaji aende polepole huku mdomo ukifuata wimbo, kuna mbinu inayopendwa sana na wanafunzi. Tayarisheni nakala ya wimbo iliyoharakishwa mara mbili. Ipigeni hiyo, mwimbaji aimbe kwa kasi hiyo, mshuti kwa fremu 50. Kwenye kuhariri, punguzeni kasi ya picha kwa nusu na muweke wimbo wa kawaida: nguo na mawimbi vinatembea polepole, mdomo unafuata maneno barabara. Kwa simu ya fremu 60, haririni kwa 30. Mwimbaji afanye mazoezi nyumbani, si rahisi kuimba haraka uso ukiwa na huzuni.

Hatua ya 7: Mkato

Jueni mapigo ya wimbo kwa dakika. Mapigo 120 yana maana ya pigo moja kila nusu sekunde, na mapigo manne ni sekunde mbili. Mkato ukiangukia pigo la kwanza kila baada ya sekunde mbili, jicho linatulia. Ukiwa wa pigo moja moja, linakimbizwa. Rudini kwenye ile hesabu ya hatua ya kwanza mlinganishe. Kama video za taarab mlizotazama zilikatwa mara tano kwa sekunde 30 na yenu imekatwa mara ishirini, hiyo ni kaida iliyovunjwa, na lazima mjue kwa nini. Kama hamjui, rudisheni mikato iwe michache.

Hatua ya 8: Onyesha, kisha uandike

Kabla ya kuikabidhi, waonyesheni watu watatu wasioshiriki: rika lenu mmoja, mtu mzima anayeupenda muziki huo, na mtu asiyeujua kabisa. Msiwaeleze kitu. Waulizeni mambo mawili tu: huu ni muziki gani, na ni wapi ulishtuka? Jibu la kwanza likitofautiana kati yao, kaida hamkuishika vya kutosha. Jibu la pili likiangukia sekunde ileile mliyoikusudia, mmefaulu. Likiangukia mahali pengine, katazameni pale. Pengine kuna kosa la kuhariri, pengine kuna wazo zuri ambalo hamkuliona.

Kwenye tathmini, kila dai liwe na dakika na sekunde yake, kaida yenyewe, kazi ya kaida hiyo, na mlichoifanyia. Namna hii: "Kuanzia 0:00 hadi 0:28 tumefuata kaida ya taarab kwa kumweka mwimbaji ametulia mbele ya kikundi kilichokaa, ili macho yabaki kwenye uso na maneno. Kwenye 1:12, maneno yanaposema 'natanga', tunamwonyesha msichana yuko kazini kwenye cherehani. Kaida ya mwanamke anayengoja humfanya mtazamaji amhurumie. Sisi tumeikataa kazi hiyo, na tumeuhamishia usakaji kwa mwanamume anayepita mlangoni. Watazamaji wawili kati ya watatu walisema walishtuka hapo." Aya tatu au nne za namna hiyo zinatosha. Palipo na boti badala ya gari, andikeni kwamba mmefuata, na muieleze boti yenyewe: iko wapi kwenye fremu, inakwenda upande gani, na inamwambia nini mtu wa Amu, yaani Lamu, ambacho gari lisingemwambia.